Ukuta Mmoja, Milango Miwili

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kwenda mitaa ya Eastlands, njia moja kubwa ni barabara iitwayo Landhies. Makanga huitamka "Landi", abiria huitamka "Landi", na hata mimi niliyekulia huku sikuwahi kujiuliza hilo ni neno la wapi. Ng'ambo ya pili ya reli kuna Landimawe. Hili nalo tulilitaja kama jina la mtu fulani wa zamani, kumbe ni maneno mawili yaliyoungana tu: landi ya mawe.

Landi ni nini? Ni safu ya vyumba vilivyojengwa vikashikana kama mabehewa ya gari moshi. Kila chumba kina mlango wake, lakini ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Neno lilikuja na reli, midomoni mwa mafundi na vibarua waliotoka Bara Hindi. Kule Karachi hadi leo kuna sehemu ya jiji iitwayo Landhi. Sisemi kwamba Landhi ya Karachi ndiyo iliyoizaa Landi ya Nairobi, ila neno likipanda meli huwa halisahau nyumbani.

Nilipokuwa shuleni tulifundishwa historia ya mikataba, ya magavana na ya wapelelezi waliotafuta chanzo cha mto Nile. Tuliikariri, tukaiandika kwenye mtihani, tukaiacha pale pale kwenye karatasi. Hakuna mwalimu aliyetufundisha historia ya ukuta. Na mimi, msomaji, nataka kuandika riwaya ya watu wa huku kwetu. Kila nikianza, wahusika wangu wanakwama, kwa sababu siwezi kueleza kwa nini baba, mama na watoto watano wanaishi katika chumba cha futi kumi kwa kumi, na kwa nini mwanamume akikohoa usiku, jirani ndiye anayesema "pole". Ndipo nikaamua kuiacha riwaya kando kidogo niuchunguze ukuta wenyewe.

Tuanzie pwani, maana huko watu walishikanisha nyumba zamani sana kabla ya reli. Nenda Lamu. Nyumba za mawe za mji ule zimebanana hata mtu mnene akikutana na punda kichochoroni, mmoja lazima arudi nyuma. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Mti wa mkoko haukupi zaidi ya mita tatu hivi zinazoweza kubeba dari la mawe, basi chumba cha Lamu ni kirefu na chembamba, kiwe cha tajiri kiwe cha mtu wa kawaida. Jamaa wakiwa pande mbili za kichochoro, walijenga chumba cha juu kinachovuka njia kama daraja, kikaitwa wikio. Hapo wanawake walitoka nyumba hii wakaingia ile bila kukanyaga chini. Umoja wa Mataifa kupitia UNESCO uliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni huja kupiga picha. Lakini linalonigusa mimi ni hili: kushikana kwa nyumba zile kulikuwa shauri la ukoo. Binti akiolewa, baba yake humwongezea chumba hapo hapo. Ukuta ulikuwa wa pamoja kwa sababu watu walikuwa wa pamoja. Hata mashehe, katika fikihi yao, wamejadili kwa karne nyingi kama jirani ana haki ya kupachika boriti katika ukuta wa mwenzake. Ni jambo kubwa hilo. Watu wazima wenye vilemba wanakaa kitako kujadili ncha ya boriti!

Waingereza nao, ambao ndio waliokuja kutujengea landi, walikuwa na mambo yao ya ukuta tangu kale. London mwaka 1189 kulikuwa na kanuni kwamba majirani wakikubaliana kujenga ukuta wa mawe kati yao, kila mmoja atoe futi moja na nusu ya ardhi yake, na ukuta usimame hapo katikati, unene futi tatu, kimo futi 16. Walikuwa wanaogopa moto. Na hofu yao haikuwa ya bure, kwa kuwa mwaka 1666 moto uliteketeza London siku nne mfululizo, nyumba zaidi ya 13,000 zikawa majivu. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria kwamba nyumba zijengwe kwa matofali au mawe, na unene wa ukuta wa pamoja ukapimwa kwa sheria. Kutoka hapo ndipo zilipoenea zile nyumba za safu tunazoziona kwenye filamu za Kiingereza, mlango na mlango, dohani na dohani.

Lakini kuna safu na safu. Viwanda vilipoanza, wenye mali wa miji kama Leeds, Birmingham na Manchester walibuni nyumba zilizopeana mgongo. Yaani nyumba imeshikana na wenzake kushoto, kulia na nyuma, ukuta wa nje ni mmoja tu, ule wenye mlango na dirisha. Hewa haina pa kupitia. Watoto walikufa humo kwa maradhi ya kifua na ya maji machafu, na baada ya kelele nyingi sheria ya mwaka 1909 ikapiga marufuku kujenga nyumba mpya za namna hiyo. Leeds waliendelea kuzijenga hadi mwaka 1937 kwa kutumia vibali vya zamani. Weka hiyo miaka akilini, 1909 na 1937, kwa maana katikati ya miaka hiyo ndipo sisi huku tulipokuwa tukijengewa.

Sasa njoo Nairobi. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika kwenye kinamasi hiki cha maji baridi Mei 1899, ikagusa ziwa la Nyanza Desemba 1901. Wakuu wa reli waliweka makao yao hapa kwa sababu mbele kulikuwa na mlima na garimoshi lilihitaji kupumua. Mji haukupangwa na mtu aliyetaka watu waishi. Ulipangwa na watu waliotaka injini zilale. Wazungu wakapanda kilimani, Wahindi wakabanwa kwenye bazaa, Waafrika wakajitafutia pa kujibanza. Mwaka 1902 ikazuka tauni, na serikali ikaichoma moto bazaa ya Wahindi. Hebu fikiria. London walijenga ukuta kuuzuia moto, hapa serikali ndiyo iliyoshika kiberiti.

Kwa wafanyakazi wake wa chini, reli ilijenga landi. Kwanza zilikuwa za mabati, baadaye za mawe, ndiyo maana tukapata Landimawe, na karibu yake Muthurwa, na mbele zaidi Makongeni. Chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja. Vyoo vya pamoja, mabomba ya pamoja, pa kupikia pa pamoja. Ukitazama kwa haraka utasema ni umaskini wa serikali tu, kwamba pesa hazikutosha. Sikubali. Pesa za kujenga nyumba zenye bustani na vyumba vya watumishi kule Hill zilipatikana. Landi ilijengwa ndogo kwa makusudi.

Makusudi hayo ni haya. Mwafrika mjini alihesabiwa kuwa mgeni aliyekuja kufanya kazi kisha arudi kwao. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 ikaanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na karatasi zake ndani ya kibweta cha chuma, wengi wakikining'iniza shingoni kama kengele ya mbuzi. Mshahara ulihesabiwa wa mtu mmoja, yaani kapera, hata kama ana wake wawili na wazee wanaomtegemea. Mke alitakiwa abaki rizavu alime, awalishe watoto, ili bwana mkubwa wa mjini asilipe gharama hiyo. Basi ukimjengea mtu wa namna hiyo nyumba, utamjengea nini? Utamjengea kitanda. Na kweli wakuu wa mji katika hesabu zao walihesabu vitanda, wala si familia. Chumba hiki vitanda vitatu, kile vinne. Ukuta uliokuwa katikati haukuwa wa kumpa mtu siri yake. Ulikuwa wa kugawa vitanda, basi.

Lakini watu ni watu. Wake walikuja. Walikuja "kutembea" wakati wa ukame, au mtoto akiugua aletwe hospitali, au kwa sababu tu mume alikawia kutuma pesa na minong'ono ilikuwa imefika kijijini. Wakakaa wiki, wakakaa mwezi. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli na kulelewa landi amenisimulia kwamba utotoni mwake, askari wakija kukagua, ukuta ndio uliotoa habari. Mtu wa chumba cha kwanza aligonga mara tatu, wa pili akamgongea wa tatu, na kabla askari hajamaliza kufungua daftari lake, habari ilikuwa imefika mwisho wa safu, kina mama na watoto wameshatokea nyuma. "Simu ya kwanza kumiliki," akaniambia akicheka, "ilikuwa ya mawe."

Akanisimulia jingine. Usiku mmoja mama yake alishikwa na uchungu wa kuzaa na baba yuko safarini na gari la mizigo. Mama hakuweza kusimama. Aligonga ukuta kwa kijiko. Jirani, Mluhya wa Maragoli ambaye mama hakuelewa lugha yake wala yeye ya mama, akagonga ukuta wa upande wa pili, na hivyo hivyo hadi chumba cha sita kulikokuwa na mwanamke aliyejua kazi ya ukunga. Mtoto aliyezaliwa usiku huo ni mdogo wake mzee. Nilimwuliza kama ukuta ungekuwa mnene kama ule wa London ingekuwaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga, akasema, "Kijana wangu, huyo mdogo wangu ana wajukuu sasa."

Nisikudanganye lakini kwamba kila Mwafrika wa Nairobi alipangwa katika safu za bwana mkubwa. Kulikuwa na vijiji vilivyojengwa na wenyewe, Pangani, Maskini, Mombasa, na humo kulikuwa na nyumba za Kiswahili za udongo na fito, paa za madebe yaliyofunguliwa yakanyooshwa. Ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uwani jiko na choo. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Baadhi yao walikuwa wamezipata pesa kwa njia ambazo wajukuu hawapendi kuzitaja hadharani, lakini Luise White, mwanahistoria Mmarekani, ameziandika wazi katika kitabu alichokitoa mwaka 1990, na mimi naona si aibu. Mwanamke aliyekimbia ndoa mbaya, asiye na shamba wala ng'ombe, akajenga nyumba ya vyumba sita katikati ya mji wa kikoloni, akawa ndiye anayeamua nani alale wapi na kodi ni ngapi! Nionyesheni gavana aliyefanya makubwa kuliko hayo kwa mikono yake mwenyewe.

Serikali haikupenda. Ilianzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wakusanywe mahali pamoja panapoonekana. Vijiji vingine vikabomolewa kimoja kimoja. Pangani kiliponea chupuchupu hadi mwisho wa miaka ya 1930, kisha nacho kikaangushwa, na baraza la mji likajenga Shauri Moyo mwaka 1938 kwa ajili ya waliofukuzwa. Hapo ndipo mabadiliko makubwa yalipo, na wengi hawayaoni. Pangani ukuta ulikuwa na mwenyewe. Ukibomoka, aliukandika. Shauri Moyo ukuta ni wa matofali, imara, safi, na si wako. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mpangaji wa baraza akiuona ufa atauziba kwa ruhusa ya nani? Aliyekuwa mwenye nyumba aligeuka mwenye risiti.

Kariokor nayo ilikuwa imeshapata jina kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, kama vile Kariakoo ya Dar es Salaam. Zikafuata Starehe na Ziwani, halafu Kaloleni iliyojengwa katika miaka ya 1940, na inasimuliwa kwamba wafungwa wa vita wa Kitaliano walishika mwiko pale. Kaloleni ilikuwa tofauti. Nyumba ziliwekwa kwa mpango wa kijani, uwanja katikati, ukumbi wa jamii, na kwa mara ya kwanza vyumba vilivyomfikiria mtu mwenye mke na watoto. Mawazo hayo yalitoka kwa wapangaji wa miji wa Uingereza waliotaka mji uwe na bustani. Ramani kuu ya Nairobi ya mwaka 1948, iliyochorwa na wataalamu waliotoka Afrika Kusini, nayo ikataka mitaa igawanywe kama vijiji vidogo, kila kimoja na shule na soko lake.

Kwa nini fadhila hizo za ghafla? Si fadhila. Mombasa wafanyakazi waligoma mwaka 1939, na jambo moja kubwa waliloanza nalo ni kodi za nyumba. Wakagoma tena Januari 1947, mji mzima ukasimama. Serikali ikatambua kwamba kapera aliyelazwa na wenzake watatu hana cha kupoteza, na ukuta mwembamba hupitisha fitina, au tuseme hupitisha siasa, upesi kuliko gazeti. Wakadhani mtu akipewa nyumba nzuri kidogo atatulia. Basi ona yaliyotokea: tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huo huo wa Kaloleni uliojengwa ili watu wacheze dansi na kujifunza kushona, Makhan Singh alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Alikamatwa katikati ya mwezi wa Mei, Nairobi ikagoma, na yeye akawekwa kizuizini miaka zaidi ya kumi na moja.

Sasa tufike mahali pabaya. Nimesifu ukuta unaogongwa, lakini ukuta huo huo unasikia. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Katika safu ya vyumba ambamo unajua jirani anakula nini kwa harufu na amelala saa ngapi kwa mlio wa kitanda, unafikiri kiapo kinaweza kuliwa bila mtu wa pili kujua? Na ukijua, utasema? Ukikaa kimya wenye kiapo wana wasiwasi nawe, ukisema umekwisha. Tom Mbotela, diwani wa mji, aliuawa Novemba 1952. Ambrose Ofafa, diwani mwingine, akauawa mwaka 1953. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji katika ile iliyoitwa Operesheni Anvil. Walipita mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango. Safu za nyumba zilizonyooka ziliwarahisishia kazi. Unaweka askari wawili mwanzo wa safu na wawili mwisho, basi, hakuna atokaye. Watu wakatolewa nje na virago vyao, wakapangwa chini, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho. Kichwa kikitikisika, umeenda. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipelekwa kambini. Na nani alikuwa ndani ya gunia? Mara nyingine ni mtu uliyeazimana naye chumvi.

Mzee wangu wa reli, ambaye mambo mengine alinieleza kwa kucheka na kupiga makofi, hapa alinyamaza. Nilingoja. Alichosema mwishowe ni kwamba baada ya siku ile vyumba vitatu katika safu yao vilikaa vitupu, na kwamba mama yake aliacha kugonga ukuta. Hakunieleza kama ni kwa huzuni au kwa hofu, na sikumwuliza.

Mwaka huo huo wa 1954 kamati ya Carpenter iliiambia serikali kwamba mshahara wa kapera haufai, kwamba mfanyakazi alipwe kiasi cha kumtunza mke na watoto. Yaani ilichukua zaidi ya miaka 50 tangu reli ifike, na vita juu yake, kwa mkoloni kuandika kwenye karatasi kwamba Mwafrika ana familia. Mitaa mipya ikajengwa kwa haraka, Ofafa na Mbotela ikibeba majina ya wale madiwani waliouawa. Watoto wa Maringo na Jericho hucheza kandanda kila siku kwenye mitaa yenye majina ya marehemu bila kujua. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Uhuru ukaja mwaka 1963 na vikwazo vikaondolewa. Waliokuwa wakija "kutembea" wakaja kukaa. Hakuna ukuta uliosogezwa. Chumba cha vitanda vitatu kikapokea mume, mke, watoto sita na binamu anayetafuta kazi. Pazia likatundikwa katikati, upande huu wazee, upande ule watoto, na jiko chini ya meza. Nje kwenye kijiwanja pakajengwa banda la mabati, halafu banda lingine likaegemea la kwanza. Ukitaka kuona jinsi Wakenya walivyojibu ramani ya mwaka 1948, tazama mabanda hayo.

Wenye mshahara wa ofisini walijengewa Buruburu kuanzia miaka ya 1970, kwa fedha za shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola. Watu wakiitazama huiona kama Ulaya ndogo: ghorofa moja juu, ngazi ndani ya nyumba, ua mbele. Lakini hesabu kuta. Nazo zimeshikana, safu moja na landi ya Muthurwa, tofauti ni kwamba ya Buruburu unainunua. Na hiyo si tofauti ndogo. Mwenye nyumba wa Buruburu akitoboa ukuta wa pamoja apachike rafu, jirani anaweza kumwita wakili. Uingereza wana sheria maalumu ya ukuta wa pamoja ya mwaka 1996, inayomtaka mtu amwarifu jirani yake kwa maandishi kabla hajaugusa. Sheria zote hizi ni za wenye kuta. Sisi wapangaji hatuna ukuta, tuna adabu tu.

Nasema sisi, kwa sababu mimi mwenyewe niko ploti. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilianza kugharimia Dandora, viwanja kama 6,000 vyenye maji na choo, kila mtu ajijengee polepole. Wazo lilikuwa familia ipate kwake. Kilichotokea ni kwamba waliopata viwanja wengi walijenga safu ya vyumba wakavipangisha, na mtindo huo ukaenea kote, Kayole, Kariobangi, Githurai, kila mahali. Vyumba vinane au kumi vinatazamana, katikati ukumbi mwembamba wa saruji wenye kamba za nguo, mwisho choo na bafu, bomba moja na mita moja ya stima ambayo kila mwisho wa mwezi huleta ugomvi. Landi imezaliwa upya na mwenyewe ni Mwafrika mwenzetu. Tena ile ya reli ilikuwa na ukuta uliofika juu! Kwetu ukuta unaishia pale unapoanzia mwinuko wa paa. Juu yake ni wazi, kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Jirani yangu wa kushoto akikaanga omena, sote tumekaanga. Wa kulia ana redio, mimi sina haja ya kununua.

Kuna adabu ambazo hazikuandikwa popote. Ukisikia mtu na mkewe wanagombana kwa maneno, huongezi sauti ya redio wala huipunguzi, maana kote kuwili utakuwa umewaambia unasikia. Ukisikia kofi, hapo unatoka nje na ndoo kana kwamba unakwenda bombani, unasimama mlangoni pao, unakohoa. Kama halikuisha, unawaita wengine. Asubuhi mnasalimiana, "Habari ya asubuhi, mama watoto," "Nzuri, jirani," na hakuna anayetaja. Mtu akikosa kodi, sote tunajua kabla ya landilodi, na sote hatujui landilodi akiuliza. Mtoto asiyefanya kazi ya shule anakaripiwa na mtu wa chumba cha tano. Nimesikia marafiki waliohamia nyumba za watu wenye pesa wakisema wamepata amani. Nadhani ni kweli. Mmoja wao lakini alifiwa na mpangaji wa mlango wa mbele, na walijua siku ya tatu.

Sasa zile safu za zamani zinaondoka. Muthurwa wakazi walipewa notisi mwaka 2010, ubomoaji ukaanza, wakaenda mahakamani. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba namna walivyotaka kuondolewa ilikiuka haki zao, ikiwamo haki ya makao iliyomo katika Katiba ya mwaka 2010. Nimeusoma uamuzi huo mara mbili, na kwangu ni sehemu ya historia ya ukuta kama ilivyo ile kanuni ya London ya mwaka 1189, ila hii inamtazama mpangaji. Hata hivyo, uamuzi hauwezi kuzuia bei ya ardhi. Nyumba za zamani za baraza la jiji pale Pangani, zilizokuwa za familia 48, zimeshabomolewa katika miaka hii na majumba marefu yamejengwa mahali pake. Pangani tena! Jina lile lile lililoangushwa mwishoni mwa miaka ya 1930.

Sipingi ghorofa. Choo ndani ya nyumba ni kitu kizuri, na yeyote anayesifu choo cha nje hajakitumia saa nane za usiku wakati wa mvua. Swali langu ni lile lile lililoihusu Shauri Moyo mwaka 1938: anayetoka ndiye anayeingia, au ni mwingine? Na akiingia, ni mwenye nyumba au mwenye risiti?

Nilikwenda na mzee kutazama safu moja ikibomolewa. Tingatinga lilikuwa limeng'oa paa na ukuta wa mbele, kuta za kati zimebaki zimesimama. Ukuta mmoja una rangi ya buluu upande huu na kijani upande ule. Unaofuata kijani huku, na magazeti ya zamani kule, yamegandishwa kwa uji. Moja lina alama za penseli za kimo cha mtoto, zimeandikwa tarehe, ya juu kabisa ikifika kifuani mwangu. Mzee alipita akihesabu vyumba kwa fimbo, moja, mbili, tatu, akitaja ni nani alikuwa wapi na alitoka wapi. Alipofika cha sita alisimama, akaugonga ukuta mara tatu kwa kichwa cha fimbo. Kijana wa tingatinga akamwambia, "Mzee, songa kando, utaumia."